David Bruce: Tabibu wa Jeshi Aliyemfichua Mbung'o

Katika majeshi yote ya dunia, mlinzi anayelala lindoni huhesabiwa kuwa amewasaliti wenzake. Ni haki iwe hivyo, kwani usingizi wa mtu mmoja waweza kuangamiza kikosi kizima. Lakini uko usingizi mwingine usiotokana na uvivu, wala ulevi, wala utovu wa nidhamu. Huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho matupu, ambacho huingia mwilini kwa kuumwa na inzi, kikaenea katika damu, na mwisho kikapenya hata kwenye ubongo. Kwa Kiswahili maradhi hayo huitwa malale. Nchi ya West Nile, kutoka Arua hadi Koboko, imeyajua kwa muda mrefu, na imewazika watu wengi kwa ajili yake.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu walio katika jeshi na polisi maisha ya mtu aliyemfichua inzi huyo. Hakuwa mwanachuoni wa kukaa katika chumba chenye vitabu. Alikuwa askari mwenye kuvaa sare na kutii amri za wakubwa wake, akahamishwa kutoka kambi hadi kambi, akaonja na kuzingirwa na adui. Jina lake David Bruce.

UJANA WAKE

Bruce alizaliwa tarehe 29 Mei, 1855, katika mji wa Melbourne, Australia. Wazazi wake walikuwa Waskochi waliokwenda huko kutafuta maisha katika siku za machimbo ya dhahabu. Alipokuwa na umri wa miaka mitano walirudi kwao Uskochi, wakakaa katika mji wa Stirling. Mtoto huyo hakukaa shuleni muda mrefu. Alipofika miaka 14 aliacha masomo akaenda kufanya kazi katika ghala moja mjini Manchester. Alikuwa na mwili mkubwa na nguvu nyingi, na tamaa yake ilikuwa kupata riziki kwa michezo. Alipokuwa na miaka 17 homa ya mapafu ilimwangusha kitandani, na tamaa hiyo ikafa.

Alirudi kwenye masomo akiwa mtu mzima. Mwaka 1876 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, akaanza na elimu ya wanyama, kisha akageukia utabibu, akahitimu mwaka 1881. Mwaka 1883 alimwoa Mary Elizabeth Steele, binti wa daktari, na mwaka huo huo akajiunga na idara ya matabibu wa jeshi la Uingereza. Twamtaja bibi huyu mapema kwa makusudi, kwa sababu tangu siku hiyo kazi ya Bruce ilikuwa kazi ya watu wawili. Mary alijifunza kutumia hadubini, akapima damu, na akachora kwa mkono wake picha za vijidudu ambavyo mumewe alivitangaza.

MAUMIVU YA ASKARI WA MALTA

Mwaka 1884 Bruce alipelekwa kisiwani Malta. Huko alikuta askari wakisumbuliwa na homa isiyoisha. Ilipanda na kushuka kwa majuma, hata kwa miezi. Mgonjwa alilowa jasho usiku, akaumwa mgongo, nyonga na magoti. Wengi hawakufa, lakini waliobaki hai hawakufaa kitu kwa muda mrefu. Vitanda vya hospitali vilijaa watu ambao kwa kuwatazama tu usingejua wana nini.

Bruce hakuwaita wajanja wanaokwepa zamu. Alichukua wengu za askari waliokufa, akaotesha vijidudu vilivyokuwa ndani yake, na mwaka 1887 akatangaza kwamba amekipata kijidudu kinacholeta homa ile. Jamii ya vijidudu hivyo ikaja kuitwa Brucella kwa heshima yake, na maradhi yenyewe leo huitwa bruselosisi. Lakini homa ilitoka wapi? Jibu lilipatikana mwaka 1905, wakati Bruce alipokuwa kiongozi wa tume iliyotumwa kuichunguza. Daktari mmoja wa Malta, Themistocles Zammit, aliona kwamba mbuzi waliobeba kijidudu hicho hawakuonyesha ugonjwa wowote, nao walikitoa katika maziwa. Mwaka 1906 maziwa ya mbuzi yalipigwa marufuku katika kambi na hospitali za jeshi. Homa ile ikapungua mara moja miongoni mwa askari.

Wafugaji wetu wa Uganda wapaswa kuujua ugonjwa huu, kwani upo hata leo kwa ng'ombe na mbuzi, na mtu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kumzalisha mnyama bila kujikinga. Waweza kushika viungo na uti wa mgongo, na mara nyingine mishipa ya fahamu, ukaacha maumivu ya miezi mingi.

MKOKOTENI WA NG'OMBE HADI UBOMBO

Mwaka 1894 Bruce alitumwa Natal, Afrika ya Kusini. Gavana wa huko alimwomba aende Uzulu kuchunguza maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza ng'ombe, ambayo Wazulu waliyaita nagana. Yeye na Mary walisafiri kwa mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe hadi kilima cha Ubombo, wakaishi katika kibanda, na hadubini wakaiweka barazani.

Katika damu ya ng'ombe wagonjwa Bruce aliona kijidudu kirefu chenye kucheza kama mkunga majini. Kisha alifanya jaribio ambalo kila askari atalielewa. Aliteremsha farasi na mbwa wazima kutoka kilimani hadi bondeni kwenye mbung'o, akawaacha waumwe. Wakaugua. Aliwakamata mbung'o bondeni, akawaleta kilimani ambako hawakuwapo, akawaacha wawaume wanyama wazima. Nao wakaugua. Aligundua pia kwamba wanyama wa porini hubeba kijidudu hicho bila kudhoofika. Hivyo basi adui, mbebaji wake na maficho yake, vyote vitatu vikajulikana. Kijidudu hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo, Tripanosoma brusei.

Vita vya Waingereza na Makaburu vilipoanza mwaka 1899, mume na mke walikuwa katika mji wa Ladysmith, uliozingirwa kuanzia Novemba 1899 hadi Februari 1900. Bruce aliongoza hospitali na kupasua majeruhi. Mary aliwauguza, akatunukiwa nishani kwa kazi hiyo.

MSIBA WA ZIWA VIKTORIA

Wakati huo Uganda ilikuwa katika msiba mkubwa. Kuanzia mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, ndugu wawili Albert na Jack Cook, waliona wagonjwa wa namna mpya. Watu wa Busoga na wa kando ya ziwa walivimba tezi za shingo, wakapata homa, wakalalamika kichwa. Baada ya miezi walibadilika tabia. Mtu mpole aligeuka mgomvi, mtu hodari akawa mzito wa kusema na kutembea, akikesha usiku na kusinzia mchana hata chakula kikiwa mdomoni. Mwisho alilala asiamke. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1900 na 1920 zaidi ya watu 250,000 walikufa nchini Uganda kwa maradhi haya.

Hayakuwa mapya katika Afrika. Huko magharibi wafanyabiashara ya watumwa waliwakataa watu wenye shingo zilizovimba, wakijua kwamba hawangeishi. Madaktari wa Ulaya wa zamani waliyaita ulegevu wa watu weusi, kana kwamba ugonjwa ni tabia ya taifa. Wengine walisingizia chakula kibovu, wengine huzuni.

Mwaka 1902 tume ya kwanza ya uchunguzi ilifika Entebbe. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo kijana Mwitalia, Aldo Castellani. Mnamo Novemba mwaka huo Castellani alichoma sindano katika mgongo wa mgonjwa, akavuta maji ya uti wa mgongo, na katika maji hayo akaona tripanosoma. Hakuelewa mara moja uzito wa alichokiona, kwa kuwa akili yake ilikuwa imeelekea kwenye kijidudu kingine. Bruce alipowasili Entebbe mwezi Machi 1903, pamoja na Mary na mwenzake David Nabarro, Castellani alimweleza. Bruce, aliyekwisha kuiona tripanosoma katika ng'ombe wa Uzulu, alifahamu papo hapo. Akamhimiza Castellani aendelee kupima, na tripanosoma zikaonekana kwa wagonjwa wengi zaidi.

RAMANI MBILI

Lilibaki swali la mbebaji. Bruce alifanya kama afanyavyo mkuu wa upelelezi: aliwauliza wenyeji. Alikwenda kwa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, akamwomba awaagize machifu wakamate inzi wote wenye kuuma katika maeneo yao, na kuwaleta pamoja na karatasi yenye jina la mahali na habari kama ugonjwa upo au haupo. Wamisionari na maofisa wa serikali waliombwa vivyo hivyo.

Vifurushi vikamiminika Entebbe. Waganda walimjua inzi huyo tangu zamani, wakamwita kivu. Bruce na wenzake walitia alama katika ramani moja mahali penye ugonjwa, na katika ramani ya pili mahali penye mbung'o. Ramani hizo zililingana. Ugonjwa ulifuata ukingo wa ziwa, visiwa na mito, na mbung'o vivyo hivyo. Majaribio juu ya nyani yakathibitisha. Kazi hiyo yote ilichukua muda wa miezi mitano hivi, kwani mwishoni mwa Agosti 1903 Bruce aliondoka Entebbe.

Twasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi humtaja Bruce peke yake. Ramani zile zisingekuwapo bila watu waliotembea kando ya maji na vyandarua mikononi, wakakamata inzi wale wale waliokuwa wakiwaua. Majina yao hayakuandikwa.

Hata kati ya wakubwa palikuwa na ugomvi. Castellani na Bruce walibishania kwa miaka mingi ni nani aliyekipata kijidudu cha malale kwanza. Bruce alikuwa mtu wa maneno makali, asiyependa kupingwa, na hakuwa mwepesi wa kugawa sifa. Haki ni kusema kwamba Castellani ndiye aliyeona kwanza katika maji ya uti wa mgongo, na Bruce ndiye aliyefahamu maana yake na kumwonyesha mbebaji.

KATIKA UBONGO

Huko London daktari Frederick Mott, bingwa wa maradhi ya ubongo, alichunguza chini ya hadubini ubongo wa watu waliokufa kwa malale. Aliona seli za mwili zimejikusanya kuizunguka mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo, kama askari waliokizunguka kituo kilichoshambuliwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba usingizi ule si uchovu. Ubongo wenyewe umewaka moto. Saa ya mwili inayogawa usiku na mchana imevurugika, na tabia ya mtu imepinduliwa pamoja nayo. Mishipa ya fahamu nayo huumizwa, hata mgonjwa akijigonga kidogo kwenye mfupa huja maumivu makali baada ya kitambo kidogo. Mott huyu ndiye aliyekuja kuwachunguza askari wa Vita Kuu ya Kwanza walioharibikiwa akili kwa mishindo ya mizinga, ambao wakubwa wao waliwaita waoga.

Bruce mwenyewe hakupata dawa ya malale. Serikali ya kikoloni, chini ya Gavana Hesketh Bell, iliwahamisha watu kutoka ukingo wa ziwa na visiwani. Maisha ya wengi yaliokolewa, lakini watu walipoteza mashamba, makaburi ya wazee wao na riziki ya uvuvi. Bruce alirudi Uganda kati ya mwaka 1908 na 1910, akaweka kambi Mpumu karibu na ziwa. Hapo alilazimika kubadili mawazo yake. Alikuwa amedhani kwamba mbung'o hubeba kijidudu kama sindano chafu tu. Mjerumani Friedrich Kleine, akifanya kazi upande wa pili wa ziwa katika Tanzania ya leo, alionyesha mwaka 1909 kwamba kijidudu hukua kwanza ndani ya inzi kwa siku nyingi kabla ya kuweza kuambukiza. Bruce alilirudia jaribio, akaona ni kweli, akakubali.

MWISHO WA SAFARI

Baada ya kazi nyingine katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, Bruce aliongoza chuo cha matabibu wa jeshi mjini London wakati wote wa vita vya 1914 hadi 1918. Alisimamia kamati ya pepopunda, ugonjwa unaokaza misuli ya majeruhi kwa maumivu yasiyosemeka, na kamati ya homa ya mahandaki, ambayo iliwaumiza askari miundi na ikathibitishwa kuletwa na chawa. Alistaafu mwaka 1919 akiwa na cheo cha Meja Jenerali.

Mary alifariki tarehe 23 Novemba, 1931. Siku nne baadaye, saa ile ile ya ibada ya mazishi yake, David Bruce naye akakata roho, akiwa na umri wa miaka 76. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliomba kazi yake ikikumbukwa, Mary apewe sifa sawa na yeye.

WEST NILE BAADA YAKE

Bruce alipochora ramani zake mwaka 1903, West Nile ilikuwa bado nje ya Uganda, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Iliingizwa Uganda mwaka 1914, na Arua ikawa makao ya wilaya. Lakini mbung'o hasomi mipaka. Yule yule wa Ziwa Viktoria, apendaye vivuli vya kando ya maji, huishi katika vijito vya Arua, Maracha, Koboko na Yumbe. Na Uganda ndiyo nchi yenye aina zote mbili za malale: ile ya upesi upande wa kusini-mashariki, na ile ya polepole katika West Nile, ambayo hukaa mwilini miaka kadhaa kabla ya kuua.

Baada ya vita vya 1979 na machafuko yaliyofuata, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Waliporudi katika miaka ya 1980, mashamba yao yalikuwa yamegeuka vichaka, na malale yakapamba moto upya. Katika miaka ya 1990 wagonjwa walijaa katika kituo cha Omugo, wilaya ya Arua. Dawa iliyotumika kwa ugonjwa uliofika ubongoni, melasoproli, ilitengenezwa kwa zarniki, ambayo ni sumu. Ilichoma mishipa kama moto, na kiasi cha watu watano katika mia waliopewa waliuawa nayo. Hapo Omugo zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila wanne hakupona kwa dawa hiyo. Wauguzi na wagonjwa wa Omugo walishiriki katika kujaribu dawa zilizo salama zaidi. Mwaka 2018 ilikubaliwa dawa ya vidonge, feksinidazoli, inayomezwa kwa siku 10.

Vita dhidi ya inzi navyo viliendelea. Kuanzia mwaka 2011 vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa, pamoja na wavu, visivyozidi nusu mita kwa urefu, viliwekwa kando ya mito ya Arua, Maracha na Koboko. Mbung'o huvutwa na rangi hiyo, hugusa, hufa. Idadi yao ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeyashinda malale ya aina ya polepole kiasi cha kutokuwa tena tatizo la afya ya umma. Hiyo haimaanishi kwamba kijidudu kimetoweka. Ng'ambo ya mpaka, katika Kongo na Sudan Kusini, wagonjwa wameendelea kupatikana, na watu huvuka kila siku.

FUNZO KWETU

Askari wa doria hupumzika kando ya vijito hivyo, na polisi wa Koboko huwahoji wanaovuka mpaka. Ndio wanaokutana kwanza na mtu aliyebadilika. Kijana aliyekuwa hodari anasinzia gwarideni. Mwanamke anatukana watu sokoni bila sababu. Mtu anakutwa usiku akizurura asijue aendako. Wepesi wetu ni kumwita mlevi, mvivu au mwenda wazimu, tukamtia mahabusu au kumwandikia adhabu. Pengine ndivyo alivyo. Lakini ikiwa ana homa za mara kwa mara, kichwa kisichopoa na tezi zilizovimba nyuma ya shingo, na amekaa mahali penye mbung'o, apelekwe hospitali apimwe damu kabla ya kuhukumiwa. Siku chache za vidonge zaweza kumrudisha katika akili zake, na ucheleweshaji waweza kumzika.

Tena, anayekuta kitambaa cha buluu kimesimamishwa kando ya mto asiking'oe kwa kutafuta kiraka. Kitambaa hicho kiko lindoni.

David Bruce alikuwa na makosa yake, na serikali aliyoitumikia ilikuwa na makosa makubwa zaidi. Lakini mbele ya askari wagonjwa wa Malta na wagonjwa wenye kusinzia wa Entebbe, aliuliza kwanza nini kinachowaumiza, na akawauliza wanaoijua nchi. Nidhamu ya kuuliza kabla ya kuhukumu ndiyo tunayoweza kurithi kutoka kwake.